Nakimbizana na deni la nyumba, watoto wangu wameacha kuniomba chochote

Shikamoo shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, binti wa miaka 14 na mvulana wa miaka 9. Nawalea peke yangu tangu huyu mdogo akiwa anatambaa. Baba yao yupo, ila hatumtegemei. Akituma kitu tunashukuru, asipotuma siku zinaenda.

Miaka minne iliyopita nilichukua mkopo wa nyumba. Ni wa miaka 20, riba asilimia 9 kwa mwaka kwa salio linalopungua, na rejesho ni lilelile kila mwezi. Mkopo na hati vyote viko kwa jina langu. Kabla ya hapo tulikuwa tumehama nyumba za kupanga mara tano katika miaka saba, na mara mbili kati ya hizo tuliambiwa tutoke kabla mwezi haujaisha. Nilipokabidhiwa funguo niliapa kwamba wanangu hawatafungasha tena vyombo usiku.

Sasa shangazi, miaka miwili na nusu baadaye nikakaa na taarifa ya mkopo na kalamu. Nikakuta katika kila 100 nilizokopa bado nadaiwa 95. Nililipa bila kukosa hata mwezi mmoja, halafu deni limepungua tano tu! Sikulala. Nikaona nikienda na mwendo huo nitazeeka na deni, na likinipata la kunipata watoto watalirithi. Kuanzia mwezi ule nikaamua kuongeza nusu ya rejesho juu ya rejesho lenyewe, kila mwezi.

Rejesho langu ni theluthi ya mapato yangu yote, yaani mshahara pamoja na ushonaji ninaofanya usiku. Nikiongeza ile nusu, nusu nzima ya mapato inakwenda benki, na sisi watatu tunaishi kwa nusu iliyobaki. Nimebana kila mahali pa kubana. Intaneti ya nyumbani nimekata. Binti nimemtoa kwenye mafunzo ya muziki. Naenda kazini kwa miguu, dakika 50. Nywele za mdogo nanyoa mwenyewe. Hatutoki, hatualiki, sherehe za watu tunaagiza salamu. Ukutani jikoni nimebandika karatasi yenye vyumba vidogo vidogo, kila nikilipa napaka rangi kimoja.

Nimekwenda hivyo miezi 18. Mwezi uliopita benki wakanitumia ujumbe kwamba akaunti yangu ya mkopo ina malipo ya mbele ya marejesho tisa. Nilifurahi mno, nikawasomea watoto. Taarifa ya sasa inaonyesha nimebakiza 91 katika kila 100. Sikutegemea kasi hiyo ndogo, lakini nimeambiwa miaka ya mwanzo riba ndiyo inayokula sana.

Yaliyonifanya nikuandikie ni mawili. La kwanza, miezi mitatu iliyopita mdogo aliugua ghafla na sikuwa na akiba hata kidogo. Nikakopa mkopo wa haraka unaotoza asilimia 8 kwa mwezi. Deni lenyewe ni kama rejesho moja la nyumba, ila tangu siku hiyo nalipa riba tu, lile la asili sijaligusa.

La pili linaniumiza kuliko hilo. Jumapili usiku nilikuwa nafagia chini ya kitanda cha binti yangu nikatoa kiatu chake cha shule. Soli imepasuka kuanzia kidoleni hadi katikati. Ndani amekata karatasi ngumu kwa umbo la unyayo wake, akaizungushia mfuko wa plastiki maji yasipite. Nyuma ya kabati nikakuta nyingine tatu, zimelowa, ameziegesha zikauke azitumie tena. Nilipomuuliza kwa nini hakusema, akaniambia, "Mama, naiona ile karatasi ya jikoni. Nilitaka tumalize kwanza." Nikakumbuka ghafla kwamba kwa miezi mingi hakuna mtoto aliyeniomba kitu humu ndani.

Mwenzangu kazini ananiambia niache kabisa kujitesa, nilipe la kawaida miaka 20 iishe. Dada yangu ananiambia nikaze, watoto watanishukuru wakikua. Nisaidie shangazi. Niendelee, nipunguze, au niache?

Mama wa Wawili

* * *

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nimekwama kwenye zile karatasi zilizoegeshwa nyuma ya kabati. Nitazirudia. Lakini inabidi nianze na benki, kwa sababu umeandika jambo moja kwa furaha, na mimi lilinishtua.

Umesema benki wamekuambia una malipo ya mbele ya marejesho tisa. Umeongeza nusu rejesho kwa miezi 18. Nusu mara 18 ni tisa. Nyongeza zako zote zimo mle. Sasa tazama salio. Mkopo wa miaka 20 kwa riba ya asilimia 9, mtu akilipa rejesho la kawaida tu bila kuongeza hata senti, baada ya miaka minne anabaki anadaiwa kiasi cha 91 katika kila 100 alizokopa. Wewe taarifa yako inasema 91. Kama nyongeza zako zingekuwa zimepunguza deni lenyewe, leo ungekuwa kwenye 83 hivi.

Maana yake, mwanangu, miezi 18 ya kutembea kwa miguu na kushona usiku haijaligusa deni. Imewekwa pembeni kama malipo ya miezi ijayo. Benki wanakuona mteja aliyewahi, siyo mteja aliyepunguza deni, na riba imeendelea kuhesabiwa kwa salio lilelile kana kwamba hukuleta kitu. Ziko benki ambazo mfumo wao hufanya hivyo wenyewe pale mteja anapolipa zaidi bila kuandika kwamba ile ziada ni ya kupunguza deni la msingi, yaani lile deni lenyewe ulilokopa bila riba. Hakuna aliyekuibia, na wewe hukufanya uzembe. Watu wengi sana hawaelezwi tofauti hii siku ya kusaini, wanapewa tu kalamu na kuonyeshwa pa kuweka sahihi.

Nieleze kwa nini tofauti hiyo ni kubwa. Kila mwezi benki hutazama deni lililobaki, wanalitoza riba ya mwezi huo, wanaichukua kwenye rejesho lako, na kinachosalia ndicho kinachopunguza deni. Kwenye rejesho lako la kwanza kabisa, katika kila 100 ulizolipa, 83 zilikwenda kwenye riba. Hata leo bado ni 76. Ndiyo sababu ulipokaa na kalamu ulikuta deni limepungua tano tu. Ila fedha inayoingia moja kwa moja kwenye deni la msingi haikatwi chochote: ukiingiza 100, deni linashuka 100, na riba ya mwezi unaofuata inahesabiwa kwa salio dogo zaidi, na unaofuata hivyo hivyo, mpaka mwisho. Malipo ya mbele hayakufanyii kazi hiyo hata kidogo.

Usijilaumu. Hasara ya riba uliyopata hadi sasa ni kama nusu ya rejesho moja na ushei. Inauma, lakini ingekuwa mbaya zaidi ungeligundua hili baada ya miaka mitano. Na katika kosa hili kuna heri, nitakuonyesha ilipo.

Wiki hii nenda benki na barua, usiende na mdomo mtupu. Andika tarehe, namba ya mkopo, na maswali matatu. Malipo yangu ya ziada yamewekwa wapi? Nikitaka ziada ipunguze deni la msingi, utaratibu ni upi, na kuna tozo au kiwango cha chini? Na haya marejesho tisa ya mbele, naweza kuyatumia kama marejesho ya miezi ijayo bila kuhesabiwa kuwa nimechelewa? Omba wagonge muhuri nakala yako, na majibu wakupe kwa maandishi. Usikubali kuambiwa "usijali mama, iko sawa." Kabla ya kwenda, soma kile kipengele cha mkataba wako kinachozungumzia kulipa kabla ya muda. Mikataba mingine, hasa yenye riba isiyobadilika, ina adhabu ya kuwahi kumaliza. Mingine inaruhusu kiasi fulani kwa mwaka bila tozo. Ukijua kilichoandikwa, ofisa wa mikopo atakujibu kwa heshima nyingine.

Swali la tatu ndilo lenye heri niliyokuambia. Fedha ikishaingia kwenye deni la msingi, kwa kawaida hairudi. Ukiihitaji, itakubidi uombe mkopo upya kama mtu mwingine yeyote. Kama nyongeza zako zingekuwa zimeingia huko, leo usingekuwa na namna. Lakini kwa kuwa zimekaa pembeni, unayo marejesho tisa yanayoweza kukushusha pumzi, na wewe unahitaji pumzi kuliko kasi.

Niseme hili waziwazi, kwa sababu dada yako na mwenzako kazini wote wamelikosa. Wewe ni mapato ya mtu mmoja. Kwenye nyumba ya wazazi wawili, mmoja akiugua mwingine anashika. Kwako, ukilala kitandani wiki sita, hakuna wa kushika. Kwa hiyo hatari iliyo karibu nawe ni ule mwezi mmoja ambao mshahara hautaingia au ugonjwa utabisha hodi, nawe huna kitu mkononi. Nyumba haichukuliwi kwa kuwa mtu amelipa polepole. Inachukuliwa kwa kuwa ameshindwa rejesho la kawaida miezi kadhaa mfululizo. Na mtu aliyepeleka kila alichonacho benki anaweza kushindwa rejesho mapema kuliko yule aliyelipa taratibu na kujiwekea akiba.

Tena limeshakutokea. Mdogo alipougua ulikuwa unaongeza nusu rejesho ili kukwepa riba ya asilimia 9 kwa mwaka, huku ukikopa kwa asilimia 8 kwa mwezi. Hiyo ni 96 kwa mwaka. Mkono mmoja unaziba tundu la sindano, mwingine umefungua mlango. Nami nalijua hilo kwa kuwa limewahi kunikuta. Nililea watatu peke yangu, nikajivunia sana jinsi nilivyokuwa napeleka kila ziada kwenye deni, mpaka mwaka nilioteguka mgongo. Niliuza cherehani yangu wiki ya tatu. Cherehani ile ndiyo iliyokuwa ikitulisha.

Benki wakikukubalia, basi fanya hivi. Kwa miezi sita acha marejesho sita kati ya yale tisa yalipe mkopo, na wewe usipeleke kitu. Kila mwezi utabaki na ile nusu ya mapato uliyokuwa ukipeleka, ambayo ni rejesho moja na nusu. Mwezi wa kwanza maliza ule mkopo wa haraka, wote, asili na riba, na kinachobaki kiende kwenye viatu na mambo ya namna hiyo. Miezi mitano inayofuata weka zote akiba. Utakuwa na marejesho saba na nusu, na ukipiga hesabu ya maisha yenu mnavyoishi sasa pamoja na rejesho la nyumba, hiyo ni miezi mitatu kamili. Watu hushauri miezi mitatu hadi sita. Mzazi aliye peke yake alenge sita, ila mitatu ikishatimia unaweza kulala. Hiyo mitatu mingine itajazwa na fedha zisizo za kawaida: baba yao akituma, ukipata oda kubwa ya kushona, ukilipwa malimbikizo. Akiba hiyo iweke kwenye akaunti tofauti, inayotoka ndani ya siku moja au mbili, ambayo hutembei na kadi yake.

Marejesho matatu yatakayobaki, andika yahamishiwe kwenye deni la msingi mara moja.

Baada ya miezi sita rudi kwenye kuongeza, lakini usirudi kwenye nusu. Ongeza sehemu moja ya tano ya rejesho. Kwa mapato yako, benki itachukua nne katika kila kumi badala ya tano, na ile moja inayorudi nyumbani ndiyo ya watoto na ya mwili wako. Nimepiga hesabu kwa riba ya sasa: utamaliza baada ya miaka 11 hivi kuanzia leo badala ya 16. Utakuwa umeokoa miaka mitano, na riba inayokaribia 30 kwa kila 100 ulizokopa. Sikufichi kwamba ukiendelea na nusu, na yote yakiingia mahali pake, ungemaliza katika miaka saba. Ni tofauti ya miaka minne. Lakini miaka hiyo minne ungeilipa kwa miaka ambayo binti yako ana 14, 15, 16, na hiyo hakuna akaunti inayoirudisha. Mdogo akiwa mkubwa kidogo na gharama fulani zikaisha, au mshahara ukipanda, unaweza kuongeza tena. Nusu ya kila nyongeza ya mshahara iende kwenye deni kabla hujaizoea. Hiyo haimuumizi mtu.

Kuna jambo dogo watakalokuuliza benki unapopunguza deni la msingi: unataka muda ufupishwe, au rejesho lipunguzwe? Wengi watakuambia uchague muda ufupi. Kwako wewe naona tofauti. Kama wanakuruhusu kuongeza bila tozo, chagua rejesho dogo, kisha endelea kulipa kiasi kilekile cha zamani kwa hiari yako. Utamaliza wakati uleule kama yule aliyefupisha muda, lakini mwezi ukikubana, unalazimika kulipa kidogo tu. Inahitaji nidhamu, na barua yako inaonyesha nidhamu unayo, pengine kupita kiasi. Na kila unapoongeza, andika kwenye malipo yenyewe kwamba ni ya kupunguza deni la msingi, halafu kagua taarifa ya mwezi unaofuata kama salio limeshuka kwa kiasi hicho. Salio ndilo lisilodanganya. Ujumbe wa pongezi usiuangalie.

Angalia pia kama riba yako inaweza kubadilika. Hukusema. Kama inabadilika, ikitoka 9 ikafika 11, rejesho lako litapanda kwa zaidi ya 12 kwa kila 100 unazolipa sasa. Hiyo ni sababu nyingine ya kutokuishi ukingoni.

Umeandika pia kwamba unaogopa watoto kurithi deni. Mikopo mingi ya nyumba huambatana na bima inayolipa deni mkopaji akifariki, na huenda umekuwa ukiilipia bila kujua. Uliza. Uliza kama inahusu pia ulemavu au ugonjwa mrefu, na upate nakala. Kisha andika wosia, na ndani yake useme nani atawalea. Hofu iliyokukimbiza kwa miezi 18 pengine ilikuwa imeshazibwa na karatasi moja kwenye faili lako.

Sasa kubana. Mimi ni mtu wa kubana matumizi mpaka leo, na siwezi kukuambia uache. Ila kwenye orodha yako naona umebana vitu vingi vidogo vinavyochosha. Dakika 50 kwa miguu, kwenda na kurudi, kwa mtu anayeshona usiku: wewe ndiye mtambo wa nyumba hii, na mtambo hauendi bila mafuta. Tembea kwenda, panda gari kurudi. Intaneti nayo, mtoto wa miaka 14 anaihitaji kwa masomo; tafuta kifurushi cha chini kabisa na uirudishe. Nguvu zako zielekeze kwenye vitu vichache vizito. Chukua miezi mitatu ya matumizi, andika yote, kisha panga kuanzia kubwa kwenda dogo. Vitano au sita vya juu ndivyo vyenye fedha. Kwenye hivyo, jadili bei, badilisha mtoa huduma, nunua kwa jumla na jirani, punguza mara moja na usirudi tena kuvifikiria. Uamuzi mmoja mkubwa unaodumu mwaka mzima unashinda kujinyima mara mia kila wiki. Na siku ya mshahara, malipo yote ya benki na ya akiba yatoke yenyewe asubuhi, ili kinachobaki kiwe cha kutumia bila kujihukumu.

Muziki wa binti yako sijui ulikuwa unagharimu kiasi gani. Najua alipoacha hakulalamika, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nifike kwake. Yule mtoto hakukuficha kwa ubaya. Alikuona umebandika karatasi ukutani, akaona kila chumba kikipakwa rangi unafurahi, akafanya hesabu ambayo mtoto yeyote mwenye akili na upendo angeifanya: nikigharimu kidogo, mama anafurahi zaidi. Akaanza kujipunguza. Mtoto anayejiona kuwa yeye ndiye gharama huendelea kujipunguza hata deni likiisha, na nimewaona watu wazima wa namna hiyo, hawawezi kumwambia daktari pale wanapoumwa.

Mwite, akae, umwombe radhi. Usimwombe radhi kwa kuwa huna fedha, hilo si kosa. Mwombe radhi kwa kuwa alibeba mzigo huo na hukuona. Kisha muonyeshe hesabu halisi, kwa namba. Ana miaka 14, ataelewa kuliko unavyodhani. Muonyeshe mapato, rejesho, chakula, akiba, na muonyeshe mstari mmoja wenye jina lake na mmoja wenye jina la mdogo wake. Mistari hiyo haiguswi kwa ajili ya nyumba. Viatu, sare, matibabu na madaftari haviko hata kwenye mistari hiyo. Hivyo ni vya lazima kama rejesho lenyewe. Mstari wa jina lake ni wa anachokitaka yeye, hata kikiwa kidogo, na asiulizwe. Mwambie maneno haya au yanayofanana nayo: "Kitu kikiharibika nataka kukijua siku hiyohiyo. Ukinificha, hesabu yangu inakuwa ya uongo." Mtoto aliyezoea kulinda mama atalielewa hilo haraka, kwa sababu kusema kutakuwa ndiko kusaidia.

Ile karatasi ya jikoni usiichane, watoto watadhani mmeshindwa. Bandika nyingine pembeni yake, ya akiba, na mdogo ndiye awe anapaka rangi. Na siku akiba ikifika miezi mitatu, tokeni mkafurahi, hata kwa kitu kisicho na gharama kubwa. Hamjafurahi pamoja kwa miezi 18.

Niandikie benki wakikujibu, hasa kuhusu yale marejesho tisa. Wakikataa kuyatumia kwa miezi ijayo tutatafuta njia nyingine ya kujaza akiba kabla hujaongeza tena chochote. Lakini viatu visingoje benki. Jumamosi hii nendeni naye dukani, achague mwenyewe, na zile karatasi nne mkirudi azitupe yeye.

Shangazi